Je, aliyepigwa mionzi hurudi nayo nyumbani?

Iwe Dodoma mjini, Kongwa au Mpwapwa, wapo wengi wanaoamini kuwa mgonjwa wa saratani akitoka kwenye tiba ya mionzi hubaki nayo mwilini na anaweza kuwadhuru walio karibu naye. Basi bibi hutengewa kikombe na sahani, wajukuu wakakatazwa kupakatwa. Ni hofu ya watu wanaopendana, lakini humwacha mgonjwa mpweke wakati anapowahitaji zaidi.

Mionzi ya mashine iliyo nje ya mwili hupenya na kuharibu seli za saratani. Mashine ikizimwa, imekwisha. Haikai kwenye jasho, mate wala nguo. Bibi anaweza kula ugali na mlenda sinia moja na wenzake jioni ileile.

Penye ukweli kiasi ni kwenye dawa zenye mionzi. Teknishiamu-99m, inayotumika sana kupima moyo na mifupa, hudungwa kwenye mshipa. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila saa 6 hivi, na sehemu yake hutoka na mkojo. Tahadhari zake ni za muda mfupi. Iodini-131, inayotibu tezi ya shingo, hupungua kwa nusu kila siku 8 hivi, kwa hiyo masharti yake ni marefu zaidi, hasa ya kukaa mbali na watoto na wajawazito.

Kabla ya kuondoka hospitali, uliza: ni mashine au ni dawa? Inaitwaje? Nikae mbali na watoto kwa muda gani? Omba uandikiwe, ili nyumbani wasome wenyewe.