Toeni waya ya kuku chini ya sungura

Nimetumiwa tena picha ya sungura anachechemea, ati ni baridi ya Nakuru imemwingia kwa mifupa, na mwenyewe anauliza kama ampake oili chafu ya gari. Nikaomba picha ya chini ya keji. Waya ya kuku. Nilijua tu.

Sungura hana zile nyama laini chini ya mguu kama paka, ana manyoya basi, na miguu ya nyuma anaikalia hadi kisigino, so kilo zote nne ama tano za sungura wa aina ya New Zealand zinaishia hapo. Waya ya kuku ni nyembamba, imesokotwa, na baada ya muda inalegea katikati, mnyama analala kwa bonde. Manyoya yanaisha, ngozi inakuwa nyekundu, inapasuka, bakteria wanaingia, sasa ni usaha. Hiyo waya kazi yake ni kuzuia kuku asitoroke, si kukanyagwa mchana na usiku.

Mnachotaka ni weldmesh, ile meshi ya waya zilizochomelewa, ya nusu inchi kwa inchi moja, geji (namba ya unene wa waya) 14, ikikosa 16. Na tafadhali, namba ya geji ikipanda waya inakonda! Kila mara kuna mtu ananipigia kwa furaha amepata geji 20 bei poa na anadhani ndio ngumu zaidi. Halafu meshi ina pande mbili: upande mmoja waya zimekaribiana nusu inchi, wa pili zimeachana inchi nzima. Ule wa nusu inchi ndio unaangalia juu, ili mguu upate waya nyingi za kukanyaga. Mafundi wanageuza hii kila siku na ukiwaambia wanakuangalia ni kama umewatukana. Kabla ya kupigilia, pitisha soksi ya nailoni juu yake, ikinasa mahali kuna ncha ya zinki, piga faili.

Hata hapo weka kibao cha sungura kupumzishia miguu. Wanaouza mkojo wa sungura wa kunyunyizia sukuma wananiambia kibao kinanyonya mkojo wao. Sawa, ni kona moja tu, na uwe na viwili, kimoja kikiwa juani kinakauka.

Kuna wale wanaruka upande wa pili, sakafu ya mbao nzima na vumbi la mbao kutoka Elburgon. Likilowa hewa inawasha macho, mafua hayaishi, na mavi yakikaa hapo koksidiosisi, ugonjwa wa matumbo, inazunguka. Kama ni lazima, maranda makavu, si vumbi, na yasiwe ya mwerezi. Mbao ya dawa ya mchwa usilete kabisa, sungura anatafuna. Na ile hoja ya "kwa waya atakosa mavi yake laini ya usiku", yale anayokula tena, muiache, anayachukua moja kwa moja nyuma, hayafiki chini.

Fito za mbao zenye nafasi bado zinanigawanya, ni laini kwa mguu lakini zinanyonya mkojo. Na ukweli ni kwamba meshi nzuri pia haimalizi kila kitu, nimeona ndugu wawili keji moja, mmoja vidonda, mwingine hana hata alama. Uzito, manyoya, unyevu, kila mmoja na bahati yake.

Wewe wa picha: mtoe hapo leo, mwekee nyasi kavu nyingi, na kama kumefunguka mwite daktari wa mifugo. Oili chafu ya gari uliyouliza, hapana.