"Ushahidi wa maji ya kale" Mirihi: maana yake nini?

Habari zikitangaza kwamba maji yamepatikana Mirihi, wengi hudhani roboti imekuta bwawa. Haijawahi kutokea. Sayari hiyo leo ni jangwa la baridi kali, na kanieneo (mgandamizo) ya hewa yake haifiki asilimia 1 ya ile ya duniani, kwa hiyo maji yakimwagika pale huganda au huishia kuwa mvuke. Kinachotafutwa ni alama ambazo maji yaliyokwisha kutoweka yaliziacha kwenye mawe, na ambazo kitu kingine kisingeweza kuziacha. Hilo sharti la mwisho ndilo gumu.

Mtu wa Iringa anaweza kulielewa akiwa na kokoto mbili mkononi: moja ya kugongwa kwa nyundo, kama zile zinazouzwa kando ya barabara, na nyingine ya kuokotwa mtoni Ruaha Mdogo. Ya kwanza ina kona kali. Ya pili ni laini na imeviringana, maana mto uliibiringisha na kuisugua na wenzake muda mrefu. Septemba 2012, wiki chache tu baada ya kutua Mirihi kwenye kasoko (shimo kubwa la duara) ya Gale, roboti Curiosity ilipiga picha za mwamba uliojaa kokoto za aina hii ya pili, zenye ukubwa wa milimita 2 hadi 40, zimeshikamana na mchanga. Upepo hupeperusha vumbi na kusukuma mchanga, lakini jiwe la sentimita 4 ungelibiringizaje? Wanasayansi walikadiria kwamba palipita kijito chenye kina cha kuanzia kifundo cha mguu hadi kiunoni. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu hauhitaji maabara.

Baada ya kokoto huja matabaka. Ukienda Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, zile nguzo ndefu za udongo zina mistari ya mchanga na matope iliyolala mmoja juu ya mwingine. Palikuwa na ziwa pale. Limekauka zamani, mashapo yake yamebaki. Curiosity imekuta matope ya ziwa yaliyogeuka mwamba ndani ya Gale, na mwaka 2022 ikakuta mwamba wenye mikunjo midogo iliyochorwa na mawimbi ya maji ya kina kifupi. Umri wa mambo haya ya Gale unapita miaka bilioni 3.

Hata hivyo umbo peke yake linaweza kudanganya, kwani hata lava huchimba mifereji. Hapo madini huitwa kutoa ushahidi. Mwaka 2004 roboti nyingine, Opportunity, ilikuta kwenye uwanda wa Meridiani huko Mirihi vijiwe vidogo vya duara vyenye hematiti, madini ya chuma, pamoja na jarositi, madini yanayojijenga penye maji yenye asidi. Baadaye ikaona mishipa ya jasi, inayobaki pale maji yenye chumvi yanapopita kwenye nyufa. Huko Gale hali ilikuwa tofauti: udongo wa mfinyanzi uliotobolewa mwaka 2013 ulionyesha maji yasiyo na asidi kali wala chumvi nyingi. Kwa hiyo Mirihi haikuwa na maji ya aina moja.

Ikumbukwe pia kwamba ushahidi wa maji si ushahidi wa uhai. Unasema tu kwamba mahali fulani, kwa kipindi fulani, vijidudu vingeweza kuishi. Ndiyo maana roboti Perseverance ilipelekwa kasoko ya Jezero, ambako ilitua tarehe 18 Februari 2021: kasoko hiyo ina delta, mahali mto ulipoingia ziwani na kutua matope yake, na matope ya namna hiyo ndiyo huhifadhi vizuri mabaki ya viumbe, kama walikuwepo. Roboti hiyo imekuwa ikitoboa miamba ya Jezero na kufungia vipande vyake kwenye mirija, ili siku moja viletwe kuchunguzwa duniani.