Ukishasema "hatuuzi bila cheti", mteja anakwenda wapi?

Mama mmoja wa makamo ya bibi yangu alikuja dirishani jioni moja, foleni ikiwa ndefu kidogo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniwekea kaunta ganda tupu la vidonge lililokatwa kwa mkasi. Maandishi yaliyobaki yalikuwa "zepam 5 mg".

"Mwanangu, nipe kama hizi. Kumi tu."

Jibu la kitabuni kila mtu wa famasi analijua. Diazepamu, dawa ya usingizi na ya kutuliza wasiwasi ambayo wengi bado wanaiita Valium hata kama pakiti ina jina lingine, ni dawa ya cheti cha daktari. Bila cheti hakuna kuuza. Kwa miaka mingi hilo ndilo lilikuwa jibu langu, nikilitoa kwa sauti ya kishujaa, halafu naita "anayefuata!" Mteja anatoka, anavuka barabara. Duka la pili watamuuzia, au la tatu. Mimi nimelinda leseni yangu, yeye hajalindwa na chochote.

Siku hizi nawafundisha vijana wanaoanza kazi hii, na jambo ninalorudia mpaka wananichoka ni kwamba kukataa kuuza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni maswali, na yanaulizwa kabla mteja hajageuka.

Swali lenyewe lina namna yake. Usimwulize mtu "umeshazoea hizi dawa?" mbele ya watu wanne. Kwa Dar es Salaam umemwita teja. Mama wa watu atakusonya na hutamwona tena. Mimi humsogeza pembeni kwenye benchi, nashusha sauti, nauliza mawili: ulianza lini, na usiku ambao hukumeza inakuwaje?

Mama yule alianza baada ya arobaini ya mumewe. Miaka minne. Usiku asipomeza, moyo unamwenda mbio, anatoka jasho, halali hata lepe. "Sasa si ndiyo unaona dawa inanifaa?" akaniuliza.

Hapo pana mtego unaowanasa wagonjwa na watoa dawa pia. Ukimeza dawa ya aina hii kila siku, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi huku dawa ikiutuliza. Dawa ikikatwa ghafla, marekebisho yanabaki bila kitu cha kuyapinga. Mtu anatetemeka, anakosa usingizi kuliko mwanzo, wasiwasi unapanda. Wengine, hasa wa dozi kubwa au miaka mingi, wanapata degedege. Mgonjwa akiona hivyo anasema ugonjwa umerudi. Kumbe ni mwili unadai dawa. Ndiyo maana miongozo mingi inataka dawa hizi zitumike wiki mbili hadi nne tu, na ndiyo maana kumwambia mtu wa miaka minne "nenda, hatuuzi, acha" kunaweza kumdhuru kuliko kumuuzia. Sisemi umuuzie. Nasema usimwachie mlangoni.

Nikaomba nione dawa zake zote. Akafungua mfuko wa Rambo, akatoa bahasha za karatasi. Za presha. Piriton, dawa ya mzio, kwa sababu ya mafua yasiyoisha. Na bahasha moja ya Lasix, dawa ya kupunguza maji mwilini, iliyoandikwa 1x1. Unameza saa ngapi, mama? "Usiku, zote pamoja, nisisahau."

Nilicheka kidogo, naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Lasix hukojoza kwa saa sita hivi. Anameza saa tatu usiku, anaamka saa tano, saa sita, saa nane kwenda chooni, na choo kiko uani. Anaona hana usingizi, anaongeza Valium. Sasa anaamka kwenda uani gizani akiwa na diazepamu na Piriton kichwani, dawa mbili zinazolevya na kuondoa uthabiti wa miguu. Mwaka jana alianguka kwenye ngazi ya uani akavunjika kiwiko. Hakuna aliyehusisha kuanguka kule na vidonge.

Na diazepamu haiondoki asubuhi kunapokucha. Kwa mzee, Jumatano bado sehemu kubwa ya kidonge cha Jumatatu inaweza kuwa mwilini, na juu yake kuna cha Jumanne. Inajilimbikiza polepole, mtu anakuwa mzito, anasahau, familia inasema ni uzee.

Kuhusu Piriton nina ugomvi wangu. Kwa kuwa haina masharti ya cheti, tunaiona kama pipi. Kina mama wanamnywesha mtoto "kidogo tu alale". Dereva wa bodaboda anameza asubuhi kwa ajili ya mafua, anapanda pikipiki. Promethazini, ya jamii hiyo hiyo, ni kali zaidi: Marekani imeweka onyo rasmi tangu 2004 kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi. Mtoto anayelia usiku ana njaa, homa, sikio au jino. Hana upungufu wa Piriton.

Ushahidi kwamba famasi ya mtaani inaweza kubadili mambo upo. Kule Quebec, Kanada, watafiti walitumia maduka ya dawa 69 na wazee 489 waliokuwa wakitumia dawa zisizowafaa, zikiwemo za usingizi na hizi za jamii ya Piriton. Katika kundi moja mfamasia alimpa mteja kipeperushi cha kumwelimisha, akamwandikia daktari wake maoni yenye sababu. Baada ya miezi sita, asilimia 43 walikuwa wameacha dawa husika. Kwa kundi lililohudumiwa kama kawaida ni asilimia 12. Matokeo yalichapishwa 2018. Kinachonivutia ni vifaa vilivyotumika: karatasi mbili, moja ya mteja na moja ya daktari.

Karatasi ya daktari ndiyo ngumu kwetu. Kuna mmoja niliwahi kumpigia akanijibu, "Nani amekutuma umtibu mgonjwa wangu?" Nikajifunza kutopiga simu nikiwa na hukumu mkononi. Sasa naandika nusu ukurasa: mgonjwa anatumia hivi, tangu lini, ameanguka mara ngapi, napendekeza hivi, uamuzi ni wako. Wengi hujibu. Wa mama huyu, kwenye kituo cha afya cha karibu na kwake, alihamishia Lasix asubuhi siku hiyo hiyo, akamsimamisha Piriton, na akaandika cheti cha diazepamu cha kupunguza.

Si kila mtu anapunguziwa dukani. Mwenye kifafa anayetumia fenobabitoni au klonazepamu usimguse, hakikisha tu haishiwi. Mwenye dozi kubwa, mlevi wa kila siku, mwenye ugonjwa wa akili, hao ni wa hospitali. Anayechanganya na heroini au tramado, dawa kali ya maumivu, ndiye anayenitisha zaidi, maana mchanganyiko huo ndio unaozima pumzi usingizini; hospitali ya Muhimbili wana kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, tangu 2011, na huko lazima aseme wazi kwamba anameza na Valium.

Kwa mama, ratiba ilikuwa kushusha robo ya dozi kila wiki mbili. Kukata kidonge cha milligramu 5 vipande vinne kwa wembe unapata unga. Lakini kwa sababu diazepamu inakaa sana mwilini, unaweza kupishanisha: leo kizima, kesho nusu. Kwa wastani ni robo imeondoka. Hasomi vizuri, kwa hiyo nilimchorea kalenda: duara lililojaa, duara nusu, duara lililojaa. Kila baada ya wiki mbili anakuja nayo, vidonge tunamhesabia vya muda huo tu, na tunaandika daftarini.

Siku moja alikuja kimya, akaiweka karatasi kaunta imekunjwa. Mdogo wake alikuwa amefariki Morogoro, akiwa msibani alimeza kizima siku mbili mfululizo. Alidhani nitamgombeza. Nilichukua kalamu nikajaza zile duara mbili za nusu ziwe nzima, nikampa pole, tukaendelea na nusu kuanzia usiku ule.