Je, wajua kwa nini Marekani faragha yako mtandaoni hutegemea jimbo unaloishi?

Mwakilishi katika bunge la jimbo la New Hampshire hulipwa dola 100 kwa mwaka. Hapana, sijasahau sifuri. Bunge hilo lina wawakilishi 400, na kwa mshahara huo lazima mtu awe na pensheni au kazi nyingine ya kumlisha. Ndio hao hao waliopitisha mwaka 2024 sheria inayoyaamuru makampuni ya mtandaoni yafanye nini na taarifa za wakazi wa jimbo lao. Kwa msomaji wa Nairobi au Dodoma jambo hili linashangaza kidogo. Kenya ina sheria moja ya kulinda data kwa nchi nzima tangu 2019, na Tanzania ilipata ya kwake 2022. Iweje taifa lenye Google na Facebook liwaachie kazi hiyo wabunge wa majimbo?

Katiba yao inasema mamlaka ambayo serikali kuu haikukabidhiwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Lakini hiyo ni nusu tu ya jibu, maana biashara inayovuka mipaka ya majimbo iko chini ya Bunge la Congress, na intaneti huvuka kila mpaka. Congress ingetaka, ingetunga. Imetunga vipande vipande: taarifa za afya mwaka 1996, watoto walio chini ya miaka 13 mwaka 1998. Sheria ya jumla imewashinda. Mwaka 2022 muswada mmoja ulipita kwenye kamati ya Baraza la Wawakilishi kwa kura 53 dhidi ya 2, kisha ukafia njiani. Ugomvi ni ule ule miaka yote: je, sheria ya taifa ifute zile za majimbo? Na je, raia aruhusiwe kuishtaki kampuni yeye mwenyewe? Spika wa wakati huo, Nancy Pelosi, anatoka California, na hakuwa tayari kuona sheria ya kwao inafunikwa na iliyo dhaifu zaidi.

Hiyo sheria ya California yenyewe ilipatikana kwa kubanwa mbavu. Tajiri mmoja wa biashara ya majengo huko San Francisco, Alastair Mactaggart, aliongea na mhandisi wa Google, akaelezwa kwamba watu wangeshtuka wakijua kampuni inajua nini kuwahusu. Akatoa fedha zake, zikakusanywa saini zaidi ya 600,000 ili wananchi walipigie kura suala hilo moja kwa moja. Wabunge wakaona hatari: sheria iliyopitishwa na wapiga kura ni ngumu mno kuirekebisha. Wakafikia mapatano naye: wapitishe sheria yao, yeye aondoe pendekezo lake. Siku ya mwisho ya kuliondoa ilikuwa 28 Juni 2018. Siku hiyo hiyo mabaraza yote mawili yalipiga kura na Gavana Jerry Brown akatia saini. Marekebisho ya kwanza yalikuja mwaka huo huo, na sishangai. Ukitaka kuona matunda yake, fungua tovuti ya duka lolote kubwa la Marekani, shuka hadi chini kabisa: kuna kiungo chenye maandishi madogo kinachokuruhusu kukataa taarifa zako zisiuzwe.

Illinois walitangulia kwa miaka kumi, kwa sababu ya mkasa wa aina yake. Kampuni moja, Pay By Touch, iliweka vifaa kwenye kaunta za maduka. Mteja anabonyeza kidole, pesa zinakatwa kwenye akaunti yake. Ikafilisika. Wabunge wakajiuliza: mali za mufilisi zikiuzwa, alama za vidole vya watu nazo zitauzwa? Nywila ikiibwa unabadilisha. Kidole utabadilisha na nini? Sheria ya 2008 ikataka kampuni ipate ridhaa ya maandishi kwanza, na ikampa mtu wa kawaida haki ya kwenda mahakamani kudai dola 1,000 kwa uzembe, 5,000 kwa makusudi. Facebook ilikubali kulipa dola milioni 650 kwa kutambua nyuso za watu pichani bila ridhaa hiyo. Kwa maoni yangu sheria hii ndiyo yenye meno kuliko zote, na meno yenyewe ni hiyo haki ya kushtaki. Ndiyo maana washawishi wa makampuni, yaani watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge, huipiga vita kila jimbo linapotaka kuiiga.

Washawishi hao wana nafasi pana. Texas, kwa mfano, bunge hukutana kwa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, hivyo masuala mazito husomwa na kamati kati ya kikao na kikao, zikiita wataalamu kutoa ushahidi. Mbunge asiye na wasaidizi wa kutosha hupokea rasimu kutoka kwa anayemletea. Shirika la habari la Reuters liliripoti 2021 kwamba seneta aliyewasilisha muswada wa faragha wa Virginia alipewa rasimu na mshawishi wa Amazon.

Kwenye bei ya intaneti hali ni ya kuchekesha zaidi. Mamlaka ya mawasiliano ya taifa, FCC, ilijivua mwaka 2017 jukumu la kuwadhibiti watoa huduma wa intaneti. Jimbo la New York likapitisha sheria ya kuwataka wauze huduma kwa kaya maskini kwa dola 15 kwa mwezi. Makampuni yakashtaki, yakashindwa kwenye rufaa 2024; mahakama iliona kwamba aliyejivua mamlaka hawezi kuyatumia kumzuia mwingine.

Sasa mvutano umehamia kwenye akili mnemba (AI). Mwaka 2025 lilitolewa katika Congress pendekezo la kuyazuia majimbo yasitunge sheria zao kuhusu teknolojia hiyo kwa miaka kumi. Tarehe 1 Julai Seneti ililiondoa kwa kura 99 dhidi ya 1. Aliyeongoza kuliondoa ni seneta Marsha Blackburn wa Tennessee, jimbo lililokuwa limepitisha mwaka mmoja kabla sheria ya kulinda sauti za wanamuziki wake zisiigizwe na mashine.