Kuitika sebuleni si kusikia

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa babu wa mtoto, kliniki hapa Moshi: "Daktari, mjukuu wangu ameshapandikizwa kifaa cha kusikia sikio moja na akiitwa anaitika. Cha pili cha nini?"

Shikamoo mzee, ila kuitika sebuleni si kusikia.

Kichwa ni ukuta. Sauti ikitokea upande usio na kifaa, kichwa kinaikinga, na zinazopotea zaidi ni zile nyembamba: s, f, sh. "Fika" na "shika" yanakuwa neno moja. Mpeleke mtoto huyo Soko la Mbuyuni: kifaa kiko kulia, muuza mitumba ananadi kulia, shangazi anaongea kushoto. Atasikia mitumba. Angekuwa na viwili, ubongo ungeegemea sikio lililo mbali na kelele. Wengi wanadhani cha pili ni cha kuongeza sauti. Hapana! Sauti naongeza kwa kuprogramu prosesa, kile kipande cha nje anachovaa mtoto. Kivuli cha kichwa hakiondoki kwa kuongeza sauti.

Halafu bodaboda. Mwenye kifaa kimoja anasikia honi, hajui akwepe upande gani.

Viwili navyo si masikio ya kuzaliwa, na mzazi namwambia hivyo. Sikio la kawaida na mwenzake hupambanua tofauti ya muda wa sauti kufika kila sikio, hata isipofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hivyo kujua sauti imetoka upande gani. Prosesa mbili, kila moja ikifanya kazi kivyake, hupoteza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Mtoto hutegemea zaidi upande wenye sauti kubwa.

Linaloniuma ni kuchelewa. Sikio likikaa miaka bila sauti, njia zake kwenye ubongo hudhoofika. Uingereza, tangu 2009, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, inapendekeza watoto wenye uziwi mkubwa wasiosaidiwa vya kutosha na shimesikio, kile kifaa cha kawaida cha kukuza sauti, wapandikizwe yote mawili kwa pamoja. Mimi niliwahi kumwambia mama mmoja asubiri kwanza. Mwanawe alipopata cha pili alikuwa ameshaanza shule, na kila siku aliivua prosesa ya kifaa hicho akaitia mfukoni. Ushauri ule bado unanikosesha raha.

Gharama naijua. Muhimbili walipoanza upasuaji huu 2017, India iliacha kuwa njia pekee, lakini betri na nyaya hazijawa rahisi.

Kabla ya kuondoka, babu aliuliza: "Na kikiharibika?" Nikamjibu kwamba mtoto wa kifaa kimoja hukaa bila kusikia chochote mpaka prosesa irudi kutoka matengenezo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya betri.