Baruti Inapolala Nyumbani: Elimu kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Katoni moja ya baruti ya mgodini huwa na kilo 25. Inabebeka begani, inaingia chini ya kitanda, na kwenye chumba cha kupanga huko Chunya inaweza kukaa wiki nzima jirani asijue. Ndiyo maana wengi wanaolala nayo hawajioni kama watu wa hatari. Watakwambia wameiweka tu mpaka kesho, duara, yaani shimo la dhahabu, likishachorongwa.

Sisi tunaokagua baruti tunayakuta haya mara kwa mara kwenye rashi mpya, yaani machimbo yaliyovamiwa na watu baada ya dhahabu kuonekana, na jibu la mhusika halibadiliki. Stoo yenye leseni iko mbali, gari la kukodi ni ghali, na kilichobaki baada ya kulipua ni kidogo, sasa akirudishe cha nini? Naielewa hesabu hiyo. Mchimbaji mdogo anatoa hela kila siku kabla hajaona hata gramu ya dhahabu. Lakini neno "kidogo" ndilo linalotupotosha, na hapo ndipo ningependa tukae kwa muda.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya kuhifadhi silaha na risasi ina kanuni ya kuanzia. Unachukua uzito wa kilipuzi kwa kilo, unatafuta kipeuo chake cha tatu (cha 1,000 ni 10, maana 10 × 10 × 10 ni 1,000), unazidisha kwa 22.2, na jibu ni mita zinazotakiwa kati ya ghala na nyumba ya mtu. Tani 1 inadai mita 222. Tani 8 zinadai mita 444: mzigo umeongezeka mara nane, umbali mara mbili tu. Wenye maghala makubwa huipenda sana hesabu hii. Sasa igeuzie upande wa mzigo mdogo. Katoni moja ya kilo 25 inadai mita kama 65. Yaani ukishuka kutoka tani nzima hadi katoni moja, mzigo umepungua mara 40, lakini umbali unaotakiwa haujapungua hata mara 4. Na hapo bado hatujaweka umbali wa chini kabisa ambao miongozo hiyo huongeza kwa ajili ya mawe, mabati na vyuma vinavyorushwa. Kwenye kambi za machimbo, ukuta wa jirani uko hatua mbili tatu.

Usiku wa tarehe 16 Januari 2024, mtaa wa Bodija mjini Ibadan, Nigeria, ulitikiswa na mlipuko uliosikika karibu mji mzima. Serikali ya jimbo ilieleza kuwa chanzo kilikuwa vilipuzi vilivyohifadhiwa kwenye nyumba moja na watu wanaochimba madini kinyume cha sheria. Watu 5 walikufa, wengine wengi waliumia, na nyumba za majirani zilibomoka. Bodija si kambi ya machimbo. Ni mtaa wa watu wenye nafasi zao, karibu na chuo kikuu. Waliokufa hawakuhitaji kuwa na uhusiano wowote na dhahabu.

Wachimbaji wazoefu hunijibu kwamba baruti za siku hizi ni tulivu, hata ukiidondosha hailipuki. Wana hoja. Baruti nyingi za sasa zinataka mshtuko mkali ndipo zilipuke, na mshtuko huo hutolewa na fataki, kile kiwashio kidogo kinachochomekwa kwenye baruti. Ndani ya kiganda kile cha alumini mna takriban gramu moja ya kemikali nyeti sana, inayotosha kuondoka na vidole vya mtu. Kwa sababu hiyo stoo ya baruti na stoo ya fataki ni majengo mawili tofauti, kila moja na ufunguo wake na daftari lake. Sasa tazama chumba cha kupanga: baruti chini ya kitanda, fataki kwenye mfuko wa koti ukutani, jiko la mkaa mlangoni. Kilichobaki ni sababu tu.

Na sababu huku kwetu hazikosekani. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zetu huja na radi, na wakazi wa Mbeya, Njombe na Rungwe hawahitaji kuhadithiwa. Fataki za umeme huwashwa na mkondo mdogo tu, ndiyo maana simu, redio za upepo na betri haziruhusiwi kuwa karibu nazo. Stoo yenye leseni hufungwa kinga ya radi, haiingizwi umeme ndani, rafu zake ni za mbao zisizo na misumari iliyojitokeza, nyasi zinafyekwa kuizunguka, na mara nyingi hukingwa kwa tuta la udongo. Tuta hilo halizuii mlipuko. Kazi yake ni kunasa vipande vinavyoruka chinichini na kuusukuma mshindo uelekee juu. Sijawahi kuona chumba cha kupanga chenye tuta.

Jambo la watoto nalisema kwa ufupi kwa kuwa halina mjadala. Fataki inang'aa, ina urefu wa kidole, na kwa mtoto inafanana na kifuniko cha kalamu. Ataigonga kwa jiwe aone kuna nini ndani.

Tukitoka machimboni tukaingia mashambani, swali linalonifikia kwenye kila mkutano, uwe Mbozi au Wanging'ombe, ni hili: "Mtaalamu, eti mbolea nayo inalipuka?" Watu waliona picha za Beirut wakaenda kuitazama mifuko yao kwa wasiwasi. Tuliweke sawa. Kilicholipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020 kilikuwa tani 2,750 za amoniamu naitreti, mzigo uliofika na meli mwaka 2013 na kuachwa ghalani miaka yote hiyo. Zaidi ya watu 200 walikufa na zaidi ya 6,000 wakajeruhiwa. Yurea unayokuzia mahindi si kemikali hiyo. DAP ya kupandia nayo si hiyo. CAN inayo amoniamu naitreti ndani yake, lakini imechanganywa na chokaa mpaka naitrojeni ikashuka kwenye asilimia 26 au 27, wakati ile isiyochanganywa ina karibu 34. Chokaa hiyo inaipunguzia ukali kwa kiasi kikubwa. Mkulima mwenye mifuko yake mitano ya CAN sebuleni hajalala na bomu, ingawa ningemshauri aihamishe kwa ajili ya watoto.

Tatizo langu liko dukani na kwenye maghala ya kati, ambako mbolea inakaa na kila kitu. Kuna duka moja la pembejeo niliingia, sitalitaja wala mji wake. Mifuko ilipangwa mpaka inagusa dari. Pembeni madumu ya dizeli ya mashine ya kusaga, moja kifuniko chake hakikazi, na dizeli imeshuka taratibu sakafuni mpaka mifuko ya mstari wa chini imelowa na kuwa myeusi. Gunia la mkaa limeegemezwa palepale. Nyuma ya pazia mtungi wa gesi na sufuria ya chai, kwa sababu mlinzi analala humohumo. Mwenye duka alinikaribisha chai hiyo kwa moyo mweupe kabisa.

Mbolea yenye amoniamu naitreti haipendi vitu vitatu: moto, kubanwa mahali pasipo na hewa, na kuchanganyika na mafuta, mkaa, pumba au vumbi la mbao. Mafinga wanaelewa vumbi la mbao ni nini; usiweke ghala la mbolea hii ubavuni mwa kiwanda cha mbao. Na ikishika moto usihangaike na blanketi wala mchanga, maana mbolea yenyewe inabeba oksijeni yake. Inataka maji mengi na milango iliyo wazi, kazi ya watu wa Zimamoto, namba 114. Mwaka 1947 kwenye bandari ya Texas City, Marekani, moto ulianza ndani ya meli yenye shehena ya mbolea hii. Ili mzigo usiharibiwe na maji, milango ya shehena ilifungwa na mvuke ukapulizwa ndani. Joto likapanda bila pa kutokea. Walikufa watu karibu 600.

Mbolea ikiganda nayo isipigwe nyundo kwa hasira. Kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilikuwa na desturi ya kulegeza mbolea iliyoganda ghalani kwa kuilipua kidogo kwa baruti. Walifanya hivyo maelfu ya mara bila tatizo. Tarehe 21 Septemba 1921 wakafanya tena, na zaidi ya watu 500 wakafa. Nikisikia mtu anasema "mbona siku zote tunafanya hivi na hakuna kitu", nawakumbuka hao.

Kuna kosa moja ambalo hata walio mbali na ghala hulifanya, nalo ni kutazama. Moto unawaka, moshi unapanda, watu wanakimbilia dirishani. Halifax nchini Kanada, tarehe 6 Desemba 1917, wakazi walisimama kwenye madirisha kuitazama meli iliyokuwa ikiungua bandarini. Ilipolipuka, vioo viliwaingia machoni, na mamia walipoteza jicho moja au yote mawili. Karibu miaka 103 baadaye, Beirut, watu walisimama madirishani na simu zao wakirekodi moshi. Ukiona ghala la mbolea au la kemikali linatoa moshi mzito wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, usisubiri kujua kinachoendelea. Ondoka haraka, usielekee upande ambako upepo unaupeleka moshi, weka majengo imara na miinuko kati yako na moto. Ukishindwa kuondoka, lala chini mbali na kioo, mdomo wazi, masikio umeyaziba. Mwanga huja kwanza, mshindo hufuata: aliye umbali wa kilomita moja ana sekunde mbili tatu za kulala chini.

Nije kwenye jambo linalowahusu viongozi wa vijiji na mitaa, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Stoo ya baruti hupewa leseni baada ya umbali kupimwa. Siku hiyo pembeni ni pori. Mwaka unapita, machimbo yanachanganya, mtu anafungua mgahawa, mwingine banda la video, kitongoji kinaanza kugawa viwanja, tena vya karibu na stoo huwa vya bei poa. Stoo haijasogea hata hatua moja, lakini watu wameifuata. Dar es Salaam tulishaona mji ukizifuata kambi zenye maghala ya silaha: Mbagala ikalipuka tarehe 29 Aprili 2009, Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na kila tukio liliua watu zaidi ya 20. Lagos ilikuwa mbaya kuliko hizo. Ghala la jeshi la Ikeja lilipolipuka Januari 2002, walikufa watu zaidi ya 1,000, na wengi wao hawakuuawa na mlipuko. Walikimbia gizani bila kujua waendako wakatumbukia kwenye mfereji, wakazama.

Kwa hiyo eneo la usalama la stoo liandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, lichorwe kwenye ramani, liwekewe mawe ya mpaka, na mwenyekiti anayekuja ajue kuwa hapo hapauzwi. Lipandwe miti kama linaonekana la bure. Kiongozi anayegawa kiwanja ndani ya eneo hilo anafanya kosa kubwa kuliko mchimbaji mwenye katoni moja, kwa maoni yangu, kwa sababu yeye anaziweka hatarini familia ambazo hazijui hata kama stoo ipo. Na njia za kukimbilia zijulikane mapema, hasa shuleni.

Barabara kuu ya kwenda Tunduma ni ghala linalotembea. Inapitisha mafuta na kemikali za migodini usiku na mchana, na kila aliyeshuka Mlima Nyoka au Iwambi nyuma ya lori anajua breki zikigoma huwa nini. Ghana, tarehe 20 Januari 2022, gari lililobeba vilipuzi vya mgodini liligongana na pikipiki karibu na kijiji cha Appiatse. Liliwaka kwanza, kisha likalipuka, na kijiji kikasambaratika. Kuna nafasi fupi kati ya kuwaka na kulipuka, na nafasi hiyo ni ya kukimbia, si ya kusogea. Msamvu, Morogoro, mwezi Agosti 2019, waliosogea kuchota petroli ya lori lililopinduka walikufa zaidi ya 100. Madereva nao wasilaze magari yenye alama za hatari mbele ya gesti na vituo vya mama ntilie. Mwenye gesti ana haki ya kukataa.

Kwa wachimbaji, sheria ya baruti inataka kibali cha kununua, cha kusafirisha na cha kuhifadhi, na anayelipua awe na cheti. Najua mlolongo huo unachosha. Njia inayofanya kazi ni kuungana: kikundi kinajenga stoo moja nje ya kambi, inakaguliwa, inapata leseni, na kila duara linachukua asubuhi kiasi cha kulipua siku hiyo tu. Kinachobaki kinarudi jioni na kuandikwa daftarini kabla ya giza.

Ukiokota fataki au kipande cha baruti njiani, shambani au kwenye kifusi, usikiguse, usikizike, usikitupe chooni wala kwenye moto. Weka alama ya kuonekana kwa mbali, mwache mtu mzima azuie watoto na ng'ombe, kisha piga simu polisi au ofisi ya madini. Wapo wananchi wema ambao huitia mfukoni, wakapanda bodaboda na kuipeleka kituoni. Tafadhali, askari ndiye aifuate ilipo.