"Data haitoshi" si sawa na "yuko salama"

Mwanafunzi mmoja hapa Nakuru aliniuliza: "Mwalimu, mnyama akiandikiwa 'data haitoshi', si ina maana hana shida?" Wengi hulielewa neno hilo hivyo, na kosa lenyewe laweza kumgharimu mnyama maisha.

"Data haitoshi" ni kundi mojawapo la Orodha Nyekundu ya IUCN (muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira), iliyoanza mwaka 1964 ili kupima ni viumbe gani wanakaribia kutoweka. Chukua mgonjwa aliyefika zahanati, akatolewa damu, ila damu ikawa kidogo mno kupimika. Huyo hawezi kuambiwa ni mzima. Wala si sawa na yule ambaye hajakanyaga zahanati kabisa. Viumbe wa namna hiyo wana kundi lao, la wasiotathminiwa.

Mmoja wa walioandikiwa "data haitoshi" ni Gerbillus cosensi, panya mdogo wa nchi kame ya Turkana. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1914, na zaidi ya karne baadaye bado yumo katika kundi hilo. Ndugu yake, Gerbillus harwoodi, aliyeelezwa mwaka 1901 kutokana na kielelezo cha hapa kwetu Naivasha, anajulikana vya kutosha kuhesabiwa miongoni mwa wasiotia wasiwasi mkubwa.

Kumchunguza panya wa jangwani ni kazi ngumu. Mchana kutwa yuko shimoni akikwepa jua, usiku ndipo hutoka kutafuta mbegu. Hata ukimnasa, spishi zinafanana mno, mpaka utazame fuvu, meno au kromosomu. Hapo bundi ni msaidizi mkubwa: humeza panya, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Okota madonge chini ya mti anaolala, uyachambue, na mafuvu yatakuonyesha panya wanaoishi eneo lile. Inaniuma kwamba bundi huyo huyo watu wetu humpiga mawe wakimwita mkosi.

Wakati huohuo nchi inabadilika. Mathenge, mti wa kigeni, umevamia kingo za mito ya Turkana kama ulivyovamia Baringo. Ukija mradi wa barabara au wa umwagiliaji, mkaguzi wa mazingira hufungua orodha, na akikuta "data haitoshi" ni rahisi kupita tu. Mwongozo wa IUCN wenyewe unasema asifanye hivyo: mnyama wa kundi hili asichukuliwe kana kwamba hayuko hatarini, na huenda ikafaa alindwe kama walio hatarini, angalau hadi hali yake itakapoweza kupimwa.